Laini ya Jina la Shangazi

Tarehe 9 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta mgongo umetulia na Baba ameacha kubishana na daktari wa macho. Sisi ni wazima, tena zaidi ya wazima. Nimeketi kwenye meza ya jikoni, ghorofa ya tano, na shati la mume wangu nimelianika dirishani. Upepo unaingia mikononi mwake, linapunga kama mtu anayeita. Uliniambia nisikuandikie habari za kubuni, nikuandikie ninachokiona. Basi ninachokiona ni shati, na nalipenda.

Shangazi, sikujua kwamba mtu anaweza kuolewa na akaendelea kuchumbiwa. Kila asubuhi mume wangu akienda kazini ananiachia kikaratasi chini ya kikombe changu. Unajua yeye ni fundi wa lifti, na hospitali anayofanyia kazi ina lifti tisa. Jana aliandika: "Leo natengeneza ile ya wodi ya wazazi. Kila mtoto atakayeshuka nayo nitamwangalia vizuri, nijizoeze." Nimekisoma mara kumi. Niliungua mkono kwenye sufuria kwa sababu yake na sikujali.

Nyumba ni ya waajiri wake, vyumba viwili, kuta nyeupe. Mlango wa pili anakaa mwalimu wa hesabu wa shule ya wasichana, mama wa umri wako, mwenyeji wa huku, anaishi peke yake. Tunazungumza kwa kizungu cha darasani, nusu maneno nusu mikono. Siku ya kwanza alinipeleka sokoni akanionyesha muuzaji anayepima kwa haki, na yule anayebonyeza mizani kwa kidole.

Kuna jambo moja la ajabu nikusimulie. Huku intaneti imefungwa nusu. Ukitaka kumpigia mtu kwa picha, au kufungua magazeti ya nje, kile kiduara kinazunguka tu mpaka unachoka wewe. Serikali yao ndiyo imefunga, na simu zote za huku ziko hivyo. Lakini ile laini yangu ya nyumbani, uliyonisajilia kwa kitambulisho chako nikiwa kidato cha pili, inafungua kila kitu. Mume wangu amenieleza. Laini ya nje ikiwa huku kwa romingi, yaani inatumia minara ya wenyeji kama mgeni, data yake haitokei hapa. Inasafiri kwanza mpaka nyumbani, kwenye mitambo ya kampuni yetu, ndipo inatoka kwenda duniani. Kwa hiyo ukuta wa huku hauioni. Simu yangu inadhani haijaolewa, bado iko kwako.

Ni ghali, kwa hiyo naitumia kwa kijiko. Na wewe umekataa simu ya kioo, basi tutabaki na kalamu. Mume wangu anakusalimu, anasema nikwambie ananilisha.

Mwanao mwenye furaha isiyo na haya.

*

Tarehe 3 Machi

Bibi Harusi wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumanne, imekunjwa kama hati ya kiwanja. Baba yako amefanyiwa jicho la kulia, sasa anaona vizuri na analalamika kwamba nyumba ni chafu. Mama yako anasema bora angebaki na lile la zamani. Mimi mgongo unaendelea kunikumbusha umri, lakini natembea.

Nimehesabu maneno "mume wangu" kwenye kurasa zako, nikachoka nikaacha. Sikukatazi. Ni mume wako, mtaje. Mimi nilipoolewa hakuna aliyeniachia karatasi chini ya kikombe. Aliniachia kikombe kichafu. Basi furahi, mwanangu, furahi na kwa niaba yangu.

Sasa hilo la laini. Nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilivua miwani nikaifuta. Wewe unaona muujiza, mimi naona jina langu. Miaka ishirini na sita nimekaa masijala ya serikali, nikifungua mafaili na kuyafunga. Nimeona jina la mtu likiingia kwenye faili kwa jambo dogo kama ugomvi wa uzio. Mwenye jina akafa, wa uzio akafa, faili liko kabatini linangoja. Laini ile ina jina langu, la baba yangu na la babu yangu, na alama ya dole gumba langu. Chochote kitakachopita humo huko ugenini kimepita mikononi mwangu.

Itumie wewe, kwa salamu zako na mapishi yako. Usimpe mtu mwingine. Na usimfiche mumeo kitu juu ya simu hiyo. Si kwa sababu wanaume wanajua zaidi, ila kazi ni yake na nyumba ni ya waajiri wake.

Nisalimie huyo mwalimu wa hesabu. Mtu anayekuonyesha mizani ya wizi ni mtu wa kushika.

Shangazi yako, mgongo na vyote.

*

Tarehe 29 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo tena na tena. Nimefurahi kusikia jicho la Baba limefunguka, mwambie asimwonee Mama. Huku mume wangu amepewa msaidizi na cheo kidogo. Jumapili tulipanda lifti zake zote tisa, moja baada ya nyingine, kama watu wanaotembelea mashamba yao. Kwenye ya saba alinishika mkono mbele ya wauguzi. Nilitazama namba za ghorofa kwa aibu, lakini ile aibu tamu.

Sasa, Shangazi, keti kwanza. Barua yako ilichelewa. Ilipofika nilikuwa nimeshafanya ulichonikataza, na sitaki kukuandikia uongo.

Mwalimu ana kaka mmoja tu. Ana miaka minane nje ya nchi hii na hawezi kurudi, kwa sababu anaandika kwenye gazeti la mtandaoni ambalo huku limefungwa. Mwalimu alikuwa akisikia sauti yake kwa simu ya kawaida mara moja moja, wakizungumza habari za mvua kwa kuogopa wasikilizaji. Uso wake hakuwa ameuona miaka yote hiyo. Siku moja nilikuwa natazama picha za harusi ya binamu kwenye simu, akauliza inawezekanaje zinafunguka. Nikamweleza, nikijigamba kidogo. Hakuomba kitu. Akawa anasugua meza yangu kwa kiganja kama kuna doa.

Ni mimi niliyesema, mpigie.

Laiti ungemwona. Yule kaka ana mvi. Mwalimu alimwuliza, "Na hizo umezipata wapi?" wakacheka mpaka nikatoka nikaenda kusimama chumbani. Tangu hapo anakuja saa kumi akitoka shule, dakika kumi, jikoni kwangu. Wakimaliza kuzungumza anasoma ukurasa mmoja wa gazeti la kaka yake. Chai ikiwa tayari nagonga ukuta mara mbili kwa mwiko, ndiyo ishara yetu. Hata hivyo akifika lazima abishe hodi, hata mlango ukiwa wazi, na aulize kama leo inafaa.

Mume wangu hajui. Aliniambia kama wewe, itumie mwenyewe, maana alitia saini karatasi ya waajiri kwamba watu wa nyumba yake watafuata sheria za huku. Nitamwambia. Nangoja siku nzuri, na siku zote ni nzuri mno, naogopa kuziharibu.

Usinigombeze. Nilipokuwa kwenu nilikuwa mtoto wa kutumwa dukani. Hapa kuna mtu mzima, mwalimu, anayefurahi nikigonga ukuta.

Mwanao.

*

Tarehe 17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Sisi wazima. Baba yako anangoja jicho la kushoto. Paa langu la jikoni limeanza kuvuja upande wa jiko, fundi amekuja akatazama, akatikisa kichwa, akaondoka na ngazi yangu. Mama yako amepika keki ikashuka katikati, akasema ndivyo ilivyokusudiwa.

Mvua za huku ni nzuri mwaka huu.

Kuhusu yale uliyoandika sina la kusema kwa leo. Kula vizuri, mheshimu mumeo, vaa soksi kama ni baridi.

Shangazi.

*

Tarehe 8 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Barua yako ya Aprili ilinifikia mapema Mei na nimeibeba kwenye mfuko wa aproni tangu siku hiyo.

Sisi ni wazima. Mume wangu ni mzima. Lifti ni nzima. Nimejifunza kuoka mikate ya huku, inatoka migumu, anaila anasema ni mizuri. Ni mwema sana, Shangazi. Ni mwema mpaka wakati mwingine natoka mezani nikaoshe kitu kisichohitaji kuoshwa.

Ile laini ilikufa mwezi wa nne, tarehe kumi na sita, saa kumi na dakika chache. Haijawaka tena.

Mwalimu hayupo mlango wa pili. Amehamia kwa dada yake, upande wa pili wa mji. Wamekuja watu wengine, wana redio. Tafadhali usiniulize habari zake.

Nina swali moja tu, na nakuomba unijibu wazi. Je, kuna watu waliokuja hapo nyumbani kuuliza juu ya laini hiyo? Polisi, watu wa kampuni ya simu, mtu yeyote? Walifikaje kujua? Nalala nalo, naamka nalo.

Mwanao.

*

Tarehe 30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Watu wote wa nyumbani ni wazima. Nimeandika hilo kwanza usije ukasoma kwa hofu.

Hakuna aliyekuja. Hakuna polisi, hakuna kampuni, hata jirani wa kuuliza chumvi. Laini niliifunga mimi.

Barua yako ya Machi ilifika tarehe kumi na tano Aprili. Niliposoma kaka wa mtu, gazeti lililofungwa, kila siku saa kumi, niliona kabati la masijala limefunguka na mkono unaingiza jina langu ndani. Kesho yake nilivaa gauni la kutokea nikaenda duka la simu. Binti wa kaunta aliuliza kwa nini naifunga, nikamjibu imepotea. Nilitazama macho yake na kusema imepotea, mimi niliyekuchapa kwa uongo wa kipande cha sabuni. Akabonyeza kompyuta, akasema tayari, Mama. Nilitoka nikanunua soda nikainywa nimesimama mlangoni. Nilijiona mjanja.

Siku iliyofuata nikakuandikia habari za paa.

Ningeweza kukwambia. Ningeandika kwamba nimeifunga na sababu zake, ungekasirika wiki mbili yakaisha. Lakini ningelazimika kukubali kwamba sikuogopa kwa ajili yako. Nilitafuta hofu hiyo moyoni niitumie kama sababu, sikuipata. Niliogopa kwa ajili ya jina langu. Nina miaka sitini na tatu, nimestaafu, sina cheo cha kunyang'anywa, na bado nilimkatia mwanamke mwingine uso wa kaka yake ili jina langu lilale vizuri.

Hayo yangu nimeyatoa. Sasa nauliza uliloniomba nisiulize. Laini kufa peke yake haimhamishi mtu nyumba. Mwalimu amepatwa na nini?

Shangazi yako.

*

Tarehe 22 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimekaa sakafuni jikoni. Wa nyumbani wote uwasalimie.

Kwa hiyo hakuna aliyejua. Siku nzima nimekuwa nikilirudia hilo, hakuna aliyejua.

Nitakuandikia lilivyotokea, bila kujipamba.

Tarehe kumi na sita Mwalimu alikuwa akizungumza na kaka yake, akamsikia anaanza kusema jambo, picha ikaganda mdomo wazi. Nilizima simu nikawasha. Hakuna mtandao, hakuna jina la kampuni, hakuna kitu. Mwalimu alisema pengine ni hitilafu, akanishukuru kama kawaida, akaenda. Mimi sikuamini hitilafu. Nilijua wametukamata. Niliona wako ukutani wanasikiliza.

Kesho yake saa kumi na moja jioni wakabisha hodi watu wawili pamoja na msimamizi wa jengo. Walikuwa na daftari kubwa. Wakauliza jina la mume wangu, wakaandika. Jina langu, wakaandika. Mko wangapi, wawili. Yule mrefu akasema asante, akafunga kalamu, akaitia mfukoni.

Walikuwa wanahesabu wakaazi, Shangazi. Wanahesabu kila mwaka, kila mlango. Nilikuja kujua baadaye.

Lakini mimi nilimwona yule mrefu ametulia mno, nikadhani ni ujanja, ananingoja nijiseme. Nikawaza ile karatasi aliyotia saini mume wangu. Nikawaza nyumba, kazi, lifti zake tisa. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Si sisi. Ni yule wa mlango wa pili. Yeye ndiye anayefungua magazeti ya kaka yake kwenye simu yangu." Yule mrefu alinitazama kwanza kama hakuelewa. Kisha akaitoa kalamu mfukoni.

Hapo ningeweza bado kunyamaza. Akaniuliza, kwa nini ulimruhusu? Nikajibu kwamba ananilazimisha. Nilisema mimi ni mgeni na mdogo, anaingia kwa nguvu, nashindwa kumkatalia mtu mzima.

Mimi ndiye niliyekuwa nikigonga ukuta.

Waliandika ukurasa mzima. Simu wakaichukua. Wakanisifu, Shangazi. Msimamizi wa jengo alinipigapiga begani akasema nimefanya vizuri kusema. Usiku ule nilimsikia Mwalimu akifungua mlango, akazungumza na watu, akafunga. Hakuja kuniuliza. Wiki hiyo akasimamishwa shule. Mwezi wa tano akashindwa kodi akahamia kwa dada yake. Siku ya kuhama tulikutana ngazini, amebeba kapu la vitabu. Nilijibanza ukutani apite. Akapita.

Mume wangu nilimwambia simu imeanguka ndani ya maji na Mwalimu amepata nyumba nzuri zaidi. Akaninunulia simu nyingine. Alinifungia kwa utepe.

Bodi ya shule itamsikiliza tarehe kumi na tisa Septemba. Msimamizi ndiye aliyeniambia, kwa kunifurahisha. Wakimkuta na hatia ataondolewa kufundisha kabisa. Mimi sihitajiki kwenda, ushahidi wangu umeshaandikwa. Nikienda kuukana tutapoteza kila kitu alichonijengea mume wangu, na pengine hatanitazama tena. Nisipokwenda yule mama amekwisha.

Niambie nifanye nini. Wewe ukisema nikae, nitakaa.

Mwanao, kama bado ni wako.

*

Tarehe 12 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na wewe ni wangu, usiniandikie upuuzi huo mara ya pili.

Baba yako ameshafanyiwa jicho la pili na anaona mpaka nyumba ya tatu. Fundi hajarudisha ngazi.

Umeniomba nikuambie ufanye nini ili baadaye useme ni Shangazi aliyeniambia. Sikulaumu, nimefundisha hivyo mwenyewe. Lakini sitakwambia ukae wala uende. Nitakwambia nilichofanya mimi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, ina muhuri. Nimekwenda kwa mwanasheria mmoja tuliyekuwa naye kazini. Nikaeleza kwamba laini hiyo ni mali yangu, nimeisajili kwa jina langu lote mpaka la babu, na nilimpa mtoto wa kaka yangu aitumie popote. Nimeeleza kwamba ni mimi niliyeifunga tarehe kumi na sita Aprili, kwa hofu yangu na kwa kudanganya kwamba imepotea, na kwamba mwalimu huyo hakuiba wala kuvunja kitu, aliazimwa. Nimeweka nakala ya kitambulisho na dole gumba. Mwanasheria aliuliza, una hakika unataka hii iende kwenye faili la nchi ya watu? Nikamwambia aandike kwa herufi kubwa zisomeke.

Wino wa dole ulichafua gauni.

Ukiitumia, itumie. Ukiichoma, jiko ni lako. Ila kabla ya lolote, mwambie mumeo. Si mimi wa kuamua kazi yake iwe ya thamani gani, wala si wewe. Umemfanyia uamuzi mmoja tayari na umeona ulivyokuwa.

Shangazi yako.

*

Tarehe 25 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi ni wazima wa mwili. Barua yako ilifika tarehe thelathini Agosti, karatasi ya muhuri nikaificha siku nane nyingine. Nakuandikia hilo pia kwa sababu nimeamua nisiruke kitu.

Nilimwambia mume wangu Jumapili asubuhi, ananyoosha nguo zake za kazi. Nilianza kwa kusema nilikuwa namlinda. Akaendelea kunyoosha mguu mmoja wa suruali mpaka mwisho, akaiweka pasi wima. Nikamaliza yote, na lile la kulazimishwa, na lile la begani. Akasema, "Ungeniuliza, ningekwambia nachagua nini." Basi. Akavaa akaenda hospitali ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Siku nne hatukuzungumza zaidi ya chumvi na ufunguo. Vikaratasi vimekoma, na sivilalamikii.

Siku ya tano aliniuliza bodi inakaa saa ngapi.

Ilikuwa chumba cha walimu, wameunganisha meza tatu na kuzifunika kitambaa kimoja kisichotosha. Watu watano, na mwenyekiti mama mmoja mwenye sauti ndogo. Mume wangu hakuruhusiwa kuingia, alisimama kwenye korido amevaa nguo zake za kazi, kofia mkononi. Mwalimu alikuwa amekaa upande wa dirisha. Amekonda. Alikuwa na daftari la mraba mbele yake na hakulifungua.

Nilisema nataka kuukana ushahidi wangu. Mwenyekiti akasema si lazima, mama, na uangalie unachosema kinaweza kukurudia. Nikasema najua. Wakasoma karatasi yako, wakampa karani aitafsiri. Aliposoma jina lako mpaka la babu mmoja wao alitabasamu kwa urefu wa jina hilo, kisha akaacha. Mwenyekiti akaniuliza maswali mawili tu.

"Nani alimwita mwenzake?"

"Mimi."

"Alikulazimisha?"

"Hapana. Nilidanganya. Yeye kila siku alikuwa akibisha hodi na kuuliza kama inafaa."

Nilidhani nikishasema nitajisikia mwepesi, kama watu wanavyosimulia. Sikujisikia mwepesi. Nilisikia tu jinsi ilivyokuwa fupi. Ilichukua muda mdogo kuliko ule uongo.

Waliamua siku ile ile. Mwalimu hataondolewa kazini. Amepewa onyo na kuhamishiwa shule nyingine, mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka kwa dada yake, na hataruhusiwa kumtaja kaka yake tena popote. Sisi kibali cha kukaa kimefutwa, tuna siku arobaini. Hospitali imemwachisha mume wangu kwa barua ya mistari minne. Wiki hii anamfundisha fundi mpya lifti moja moja, na anarudi nyumbani ananieleza ipi ina mlango mzito, kana kwamba ndizo anazoniachia mimi.

Nilimngoja Mwalimu nje ya lango. Nilikuwa nimetunga maneno mengi. Alipotoka nikasema samahani, mengine yakapotea. Alisimama. Akanitazama vizuri, kama anavyotazama hesabu ya mwanafunzi, akasema, "Nimekusikia leo. Na siku ile nilikusikia, ukuta ni mwembamba. Zote mbili ni sauti yako."

Kwa hiyo alisikia kila neno, Shangazi. Alikuwepo upande wa pili nikisema ananilazimisha, na miezi yote ile hakuja kunigombeza. Nilimuuliza kama ningeweza kumwandikia. Akasema hapana, si kwa ukali. Akarekebisha mkoba begani akaenda kituoni, na mimi nikabaki na mume wangu kando ya lango. Hatukushikana mikono. Baadaye kidogo akasema twende, kuna jua kali. Akahamia upande wa barabara, mimi nikatembea kivulini.

Tutafika mwisho wa Oktoba. Tutahitaji chumba kwako kwa muda, mpaka apate kazi. Bado nampenda mpaka naumwa, ila sasa nampenda nikiwa nimeinamisha kichwa, na sijui itachukua muda gani kukiinua.

Najua ulivyo. Utakuwa umeshaanza kutunga la kuwaambia watu, kwamba mkataba umekwisha, au hali ya hewa ilinikataa kifua. Nakuomba usitunge. Mama akiuliza, Baba akiuliza, jirani akisimama uzioni akiuliza mbona bibi harusi amerudi mapema hivi, waambie nilimsingizia mtu. Wakitaka zaidi, waambie waje waniulize mimi, nitakuwa chumba cha nyuma.

Mwanao.